Kutibu gono kunazuia UKIMWI? Majibu mawili ya ziwa moja

Siku za mbalamwezi mwalo wa Igombe, hapa Mwanza, hugeuka kijiwe. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, kwa hiyo mitumbwi inalala mchangani na vijana wanashona nyavu huku wakibishana. Safari hii ubishi ulikuwa wa sindano. Mmoja kasoma kwenye simu kwamba chanjo ya UKIMWI imepatikana, unachoma mara mbili kwa mwaka. Mwingine anasema uongo mtupu, hao hao wataalamu walisema zamani kwamba ukitibu gono UKIMWI unapungua, baadaye wakajikana wenyewe. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, wewe si uliwahi kufanya kazi na watu wa utafiti? Ukweli ni upi? Maana mnatuchanganya."

Hiyo "mnatuchanganya" ilinichoma kidogo. Kazi yangu ilikuwa kubeba makasha ya sampuli na kupanga madaftari, sijawahi kumdunga mtu sindano. Lakini kijana ana haki ya kuuliza. Majibu yaliyotoka kando ya Ziwa Victoria, ziwa letu hili, kwa zaidi ya miaka 30 ukiyasikia juujuu yanagongana: Mwanza ndiyo, Rakai hapana, Mwanza tena hapana, Kisumu ndiyo. Pale mwaloni nilimjibu nusunusu kwa sababu mama mmoja alitaka kupimiwa dagaa. Jibu zima ni hili.

Tuanze na majina, kwa kuwa nusu ya mkanganyiko uko humo. Gono ni kisonono. Kisonono, kaswende, klamidia na pangusa husababishwa na bakteria, trikomonasi husababishwa na kimelea, na yote hayo hutibika yakaisha. Malengelenge ya sehemu za siri ni ya virusi: vidonda vinapona, virusi vinabaki mwilini maisha yote. VVU navyo ni vya ukoo huu wa magonjwa ya ngono, ila tumezoea kuvitaja peke yake kwa sababu ya yale vilivyotufanyia. Na UKIMWI ni hali inayokuja baadaye, VVU vikiachwa vitafune kinga ya mwili kwa miaka. Mtu anayemeza ARV zake vizuri ana VVU, na anaweza kuzeeka asiuone UKIMWI.

Halafu kuna "UTI". Neno hili Mwanza limebebeshwa mizigo isiyo yake. UTI halisi ni maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi ya bakteria wanaoishi tumboni mwetu, na hata mtoto wa miaka mitatu huipata. Lakini hebu simama jioni kwenye duka la dawa karibu na mwalo. Mteja anasubiri wenzake watoke, anainama juu ya kaunta, anasema kwa sauti ya chini, "Nipe za UTI, zile kali." Muuzaji hamuulizi kitu. Anahesabu vidonge, anavitia kwenye bahasha ya khaki, anaandika 1x2. Hakuna aliyetaja gono, hakuna aliyepimwa, na mwenza aliyeko nyumbani hajui lolote. Dawa ya sipro iliyokuwa ikimaliza kisonono kwa dozi moja imeshashindwa na wadudu waliojenga usugu, na tiba ya hospitali siku hizi kwa kawaida ni sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge vya kutibu klamidia, kwa sababu magonjwa hayo mawili hupenda kuandamana. Kwa hiyo yule wa bahasha ya khaki anaweza kupata nafuu ya siku tatu na kuamini amepona. Tutamrudia.

Mlango na walinzi

Gono inahusianaje na VVU? Kwa njia mbili, na ya pili ndiyo watu hawaijui.

Ya kwanza ni kidonda. Ngozi na utando wa sehemu za siri ni ukuta. Kaswende, pangusa na malengelenge hutoboa ukuta huo, virusi vinapita. Hii kila mtu anaielewa.

Ya pili ni ya ujanja zaidi. Kisonono au klamidia inaweza isiache kidonda hata kimoja, lakini mwili unapouhisi ugonjwa hutuma askari wake pale mahali. Miongoni mwa askari hao zimo seli ziitwazo CD4, na hizo ndizo VVU huzitafuta ili kuingia na kuzaliana. Ni kama mwizi wa silaha ambaye shida yake ni kuwapata polisi: wewe umepiga simu, umewaita wote wamejipanga mlangoni, naye anafika. Na kwa upande wa mwenye VVU tayari, uvimbe ule humfanya amwage virusi vingi zaidi. Malawi walipima shahawa za wanaume wenye VVU na usaha wa njia ya mkojo, wakakuta virusi mara 8 ya vile vya wenzao wasio na usaha. Walipotibiwa, idadi ikashuka. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1997, na hajatokea wa kuyapindua.

Kwa hiyo kwamba magonjwa haya hurahisisha kazi ya VVU, hilo halina ubishi. Swali lililowasumbua wataalamu ni jingine: ukiyatibu vizuri katika jamii nzima, je, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Mtu anaweza kudhani ni swali lile lile. Sivyo, na ugomvi wote wa mwaloni umekaa katika pengo hilo.

Mwanza, 1991

Mwaka 1991 taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa NIMR, AMREF na chuo cha afya ya jamii cha London walianza kulijibu swali hilo katika vijiji vya mkoa wa Mwanza. Mkoa wa wakati ule ulikuwa mpana, Geita ya leo ilikuwa ndani yake. Walichagua jamii 12, kila moja na kituo chake cha afya pamoja na zahanati zinazokizunguka, wakazipanga jozi jozi: ya visiwani na ya visiwani, ya kando ya ziwa na mwenzake, ya barabarani na mwenzake. Kisha kila jozi ikapigiwa kura ya bahati nasibu. Jamii moja ikapata huduma iliyoboreshwa, nyingine ikaendelea na huduma ya kawaida na kuahidiwa ile bora baada ya utafiti.

Kwa nini kijiji kizima na si mtu mmoja mmoja? Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anajua habari ya kunguni. Ukipulizia dawa chumba chako peke yako, unalala vizuri wiki moja, kisha wanarudi kutoka kwa jirani. Ili ujue dawa inafanya kazi, pulizia nyumba hii yote, ile ya pili iache, halafu linganisha. Magonjwa ya ngono nayo huhama chumba kwa chumba.

Huduma iliyoboreshwa yenyewe haikuwa na maajabu, na mimi hapo ndipo ninapoipendea kazi hii. Waganga wa zahanati walifundishwa kutibu kwa dalili bila kungoja maabara ambayo haikuwepo: mwenye usaha apewe dawa za yote yanayoweza kuleta usaha, mwenye kidonda vivyo hivyo. Dawa zikahakikishwa hazikatiki. Msimamizi akapita mara kwa mara. Wanakijiji wakaelezwa kwamba ukiona dalili njoo, na mwenza wako aje. Basi.

Waliandikisha watu wazima zaidi ya 12,000 na kuwafuatilia kwa miaka miwili. Katika jamii zilizoboreshewa huduma, waliopata VVU katika muda huo walikuwa kama 12 kwa kila watu 1,000. Katika zile nyingine, kama 19. Yaani maambukizi mapya yalipungua kwa karibu asilimia 40. Heiner Grosskurth na wenzake walipoyatangaza katika jarida la Lancet mwaka 1995, yalikwenda mbali. Hapakuwa na chanjo, na ARV zilizotuokoa baadaye zilikuwa bado hazijafika vijijini kwetu. Mtu aliyekutwa na virusi aliambiwa ale vizuri. Halafu kukatokea habari kwamba zahanati ya Sengerema yenye dawa na mganga aliyefundishwa inaweza kuzuia karibu nusu.

Rakai, ng'ambo

Rakai iko Uganda, upande wa magharibi wa ziwa, ukivuka mpaka kutoka Kagera. Kule nao walipiga kura kwa makundi ya vijiji, 10, lakini wakaenda kwa nguvu zaidi. Hawakungoja mgonjwa aje. Kila baada ya miezi 10 walipita nyumba kwa nyumba na kuwapa watu wazima dawa za magonjwa ya ngono, anayeumwa na asiyeumwa. Upande wa pili walipewa dawa za minyoo na vitamini. Ukifikiri haraka utasema hawa lazima wangeshinda Mwanza.

Matokeo yakatoka 1999: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, pande zote mbili. Sawasawa. Kaswende na trikomonasi zilipungua, na watoto wa akina mama waliotibiwa wakiwa wajawazito walizaliwa na afya bora, jambo ambalo halipaswi kupitwa hivi hivi. VVU havikutikisika. Kisha utafiti wa tatu, Masaka, Uganda hiyo hiyo, ukasema vile vile mwaka 2003.

Hapo ndipo maneno ya "walijikana wenyewe" yalipozaliwa. Lakini ukikaa ukalinganisha, unakuta Mwanza na Rakai waliuliza maswali mawili tofauti, kwa watu waliokuwa katika hali mbili tofauti.

Kwanza, mbinu. Rakai walipulizia nyumba nzima kila miezi 10, wakafunga mlango wakaondoka. Kunguni akirudi mwezi wa pili ana miezi minane ya kula raha. Mwanza walimweka mtu wa dawa getini kila siku, anayewashwa anamkuta. Ugonjwa wenye dalili kali, ule unaomwaga askari wengi mlangoni, Mwanza walikuwa wanauzima ndani ya siku chache tangu uonekane.

Pili, wakati, na hili mimi naliona zito kuliko yote. Mwanza vijijini wakati ule watu wazima wenye VVU walikuwa kama 4 katika 100. Rakai walikuwa 16. Moto wa nyasi ukiwa bado pembeni mwa shamba, wanaume wanne wenye matawi wanauzima, kwa sababu unapita njia chache na njia hizo zinajulikana. Ukishaingia katikati ya kijiji kila paa ni njia. VVU vikiwa vichache huenea zaidi kupitia watu wenye wapenzi wengi, na hao ndio wenye gono na pangusa za mara kwa mara. Vikishafika 16 kwa 100 vinapita ndani ya ndoa za kawaida, baba na mama wasio na kidonda wala usaha. Hapo ukitibu gono umetibu gono.

Tatu, Uganda walikuwa wameshaanza kubadilika: wapenzi wachache, kondomu zaidi. Magonjwa yanayotibika yalikuwa yamepungua kabla dawa haijafika. Na vidonda vilivyobaki vingi vilikuwa vya malengelenge, ambayo dawa zile za bakteria haziyagusi.

Wataalamu waliweka takwimu za pande zote tatu pamoja na kuzipitia upya miaka ya 2000 mwanzoni, na walichoona ni kwamba hakuna aliyekosea hesabu. Ndiyo ya Mwanza ilikuwa ndiyo ya Mwanza ya 1991 hadi 1994. Naomba mpwa wangu alishike hilo, kwa maana linajibu pia kwa nini huwezi leo kuchukua asilimia 40 ile ukaipachika kwenye bango.

Makaa chini ya majivu

Kama malengelenge ndiyo yaliyobaki, basi tuyatibu hayo, walisema. Ni wazo ambalo hata mimi ningelisema. Kuna vidonge vya asikloviri vinavyotuliza malengelenge yasichomoze. Katika miji midogo na ya barabarani ya kanda hii waliwaandikisha wanawake 821 waliofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na vilabu vya pombe za kienyeji, wote wakiwa na virusi vya malengelenge na wote hawana VVU. Kwa kura, nusu wakapewa asikloviri kutwa mara mbili, nusu kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani.

Mwaka 2008 matokeo yakachapishwa. Waliopata VVU upande wa dawa: 27. Upande usio na dawa: 28.

Nakumbuka jinsi habari ile ilivyopokewa na watu wa kazi, kimya kama cha matanga. Lakini mwaka uliofuata wachunguzi huko Marekani walichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka mahali vidonda vya malengelenge vilikuwa vimepona, wakavitazama kwenye hadubini. Ngozi imefunga, haina hata kovu, na chini yake zile CD4 bado zimejaa wiki nyingi baadaye, hata kwa wanaomeza asikloviri. Ni jiko la mkaa. Umemwagia maji, moshi umekata, unatia mkono ukijua limepoa, kumbe makaa yako chini ya majivu. Hapana ile ilitufundisha kwamba kufunga mlango hakutoshi kama askari hawajarudi kambini.

Hapana nyingine nitazipitia mbio. Jeli ya PRO 2000, ya wanawake kujipaka ukeni ili kuzuia VVU, iliyojaribiwa Mwanza pamoja na Afrika Kusini, Uganda na Zambia kwa wanawake zaidi ya 9,000, ilitangazwa Desemba 2009 kuwa haizuii. Mradi wa MEMA kwa Vijana uliofundisha afya ya uzazi kwenye shule za msingi za vijijini Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipandisha ujuzi wa vijana kweli kweli, lakini walipopimwa miaka kadhaa baadaye, VVU na malengelenge vilikuwa pale pale. Msichana anaweza kujua kila kitu kuhusu kondomu na asiwe na neno mbele ya mwanaume anayemlipia nauli ya kivuko.

Damu inakwenda wapi?

Hapa lazima nisimame, kwa sababu kijiweni swali la pili lilikuwa hili. "Wanachukua damu wanauza." "Wanawapa watu vidonge feki makusudi waambukizwe."

Hakuna utafiti wa aina hii unaompa mtu virusi. Wote, wa dawa na wa kidonge kitupu, hupewa kondomu, ushauri, vipimo na tiba ya magonjwa ya ngono bila malipo. Kidonge kitupu kipo kwa sababu bila kundi la pili usingejua. Fikiria asikloviri ingetolewa kwa wote 821: wangeambukizwa wachache, tungeshangilia, na leo tungekuwa tunawalisha wanawake wa baa vidonge viwili kila siku bure bilashi. Ile 28 ndiyo iliyotuambia ukweli kuhusu ile 27.

Kuhusu damu, mirija inayojazwa ni ya kijiko kimoja au viwili vya chai. Lakini sitamcheka anayeogopa. Mtu mwenye koti jeupe anakuja kijijini, anachukua, anaondoka, miaka minne hajarudi kusema alikuta nini. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Kwenye maandalizi ya utafiti wa ile jeli hapa Mwanza jambo lilifanyika vizuri: mama lishe, wahudumu wa baa na wa gesti, wauza pombe walichagua wawakilishi wao kata kwa kata, wakakaa na watafiti kwenye kamati, wakauliza kuhusu damu, kuhusu chombo cha kupimia wanawake, kuhusu nani atajua majibu yao. Baadhi ya taratibu zikabadilishwa kwa sababu yao. Kwa maoni yangu huo ndio utetezi, kuliko fulana za Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani. Akija mtafiti kwenu, muulizeni: fomu iko kwa lugha ninayoielewa? Naweza kujitoa kesho bila kunyimwa tiba? Matokeo mtakuja kuyasoma hapa hapa chini ya mwembe?

Ndiyo zilizobaki

Kisumu, Kenya, kwenye ghuba ya ziwa hili hili, na Rakai tena, zilitoa ndiyo ya tohara mwishoni mwa 2006, zikiungana na ile ya Afrika Kusini: mwanaume aliyetahiriwa ana hatari pungufu kwa kiasi cha nusu hadi asilimia 60 ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke. Majaribio yalisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa kuendelea kuwanyima wengine kusingekuwa haki. Kwa Wasukuma, ambao kwa jadi hawakutahiri, hili halikuwa jambo dogo. Wengine waliliona ni la Waislamu. Watu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa Marekani wakajaribu kitu katika vijiji 16 vya kanda hii: nusu ya vijiji, viongozi wa dini walipewa semina kwanza kuhusu tohara, kitabibu na kimaandiko. Vijiji hivyo wanaume karibu 53 kwa 100 walitahiriwa. Vijiji ambavyo wachungaji hawakupata semina, chini ya 30. Lakini nusu ni nusu. Koti la mvua lililokatwa mikono si nyumba, na kijana anayesema "mimi nimeshakata, niko salama" amebeba hesabu ya uongo mfukoni.

Ndiyo kubwa kuliko zote ni ARV zenyewe. Mwenye VVU anayemeza dawa kila siku hadi kipimo cha wingi wa virusi kisivione tena haambukizi mwenza wake kwa ngono. Hilo lilifuatiliwa kwa maelfu ya wenza kwa miaka, hakuna aliyeambukizwa na mwenza wa namna hiyo. Kijiweni hili halikuaminiwa, nikaambiwa nimelipwa.

Na kichocho, ambacho watu hawakitegemei kwenye orodha hii. Kile cha mkojo, ambacho kwetu hukaa zaidi kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga bara kuliko ufukweni mwa ziwa, huweza kuacha vidonda kwenye shingo ya kizazi ya mwanamke. Vidonda hivyo vinafanana na vya ugonjwa wa ngono, na ndoa zimevunjika kwa ajili ya konokono anayebeba kichocho. Utafiti wa vijijini Mwanza uliotoka 2011 ulikuta wanawake wenye kichocho hicho wana VVU zaidi kuliko wasio nacho. Kutembea pamoja si kuthibitisha nani kamleta nani, lakini dawa ya kichocho ni ya bei ndogo na hutolewa shuleni, kwa hiyo sioni sababu ya kungoja.

Sasa ile sindano. Inaitwa lenakapaviri. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa kila miezi sita, aliyepata VVU hakuwepo hata mmoja. Sifuri. Kwenye kundi la kidonge cha kila siku walikuwepo, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba vidonge vilibaki kwenye kopo. Lakini chanjo siyo. Chanjo humfundisha mbwa wako mwenyewe kumtambua mwizi, hata aliyempeleka mafunzoni akiondoka mbwa anakumbuka. Lenakapaviri ni mlinzi wa kukodi mwenye mkataba wa miezi sita: mkataba ukiisha anakunja kiti chake anaondoka, na mwili haujajifunza kitu. Tena mlinzi huyu anamjua mwizi mmoja tu. Kisonono, kaswende na mimba hupita mbele yake akiwatazama.

Chanjo ya kweli ya ugonjwa wa ngono tunayo tayari, wasichana wetu wanaichoma shuleni: ile ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Swali la kama dozi moja inatosha lilifanyiwa kazi hapa hapa Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, dozi moja ikajenga kinga inayodumu, na tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja. Haiui kizazi. Wanaosema inaua kizazi ndio hao hao wanaonunua "za UTI".

Ambao ninawarudia. Nilipomaliza pale mwaloni kijana mmoja, si mpwa wangu, alinifuata hadi kwenye bodaboda. Akatoa pochi, ndani yake kikaratasi cha zahanati kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imekatika: cha kumpa mwenza ili naye akatibiwe. Yeye alichomwa sindano, akapona, baada ya wiki tatu usaha ukarudi, akasema dawa za serikali ni feki.

"Kikaratasi ulimpa?"

"Ningempaje, mzee wangu? Atajua."

Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwenza alikuwa Goziba, kisiwani, amefuata dagaa na wanunuzi, na mtandao kule hushika ukipanda kilimani. Tulitunga ujumbe pamoja, akaufuta mara mbili. Wa tatu ulisema: "Nimepima nimekutwa na maambukizi nimetibiwa, na wewe nenda zahanati kabla hatujaonana, sina ugomvi." Akabonyeza. Alama ikabaki moja, ya kijivu, mpaka naondoka.